Chenga Zilizofanana

Siku Kathini Nzomo alipogundua kwamba picha mbili zilikuwa picha moja, hakuwa akimwinda mwongo yeyote. Alikuwa akitafuta picha nzuri ya kuwaonyesha wageni.

Wageni wenyewe walikuwa maofisa kutoka Nairobi, na Profesa Mulei alikuwa amemwomba awaandalie slaidi chache zisizo na hesabu nyingi, za kueleza kazi ya maabara yao. Maabara hiyo iko nje kidogo ya Emali, ng'ambo ya reli, jengo la chini lenye paa jeupe ambalo madereva wa malori hulipita wakidhani ni ghala la dawa. Ndani yake kuna chumba kisicho na dirisha. Ndani ya chumba kuna kasha la kioo, dogo kama pakiti ya maziwa, lililofyonzwa hewa yote, na ndani ya kasha kuna kibamba kisichozidi ukubwa wa stempu, kimechorwa nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Umeme ukipita katika nyaya hizo, nguvu ya sumaku hujikunja chini yake ikawa kama bakuli lisiloonekana. Katika bakuli hilo chembe za rubidi, metali laini, hunaswa zikaning'inia bila kugusa kitu. Leza huzipunguza mbio. Kisha mawimbi ya redio huziondoa zile zenye joto zaidi, kama mvuke unavyoondoka na joto la uji, mpaka zinazobaki ziwe baridi kiasi cha kuacha kuwa chembe nyingi. Zinakuwa wingu moja dogo linalokwenda kama kitu kimoja.

Wingu hilo halionekani kwa macho. Linamulikwa, na kamera inachukua kivuli chake. Ukiliachilia lianguke, namna linavyoanguka inakwambia ardhi iliyo chini inavuta kwa nguvu kiasi gani, na ardhi yenye maji haivuti sawasawa na ardhi kavu. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi ya Profesa Mulei: mashine ya kubebwa nyuma ya pikapu, ipelekwe Kyuso na kote kaskazini mwa Kitui, iwaonyeshe watu pa kuchimba. Kathini mwenyewe ni mtoto wa Kyuso. Ahadi hiyo ndiyo iliyomrudisha kutoka Ujerumani, alikokuwa na kazi na chumba chenye joto.

Basi alitaka kuwaonyesha wageni kwamba wingu la mwezi wa tano na lile la mwezi wa saba yalitulia karibu mahali pale pale. Akaziweka picha mbili moja juu ya nyingine, akazisogeza na kuzisawazisha mwangaza mpaka vivuli vikalingana, akaiamuru kompyuta iondoe moja kutoka kwa nyingine. Alitarajia kubaki na chenga. Kila picha ya kamera ile ina chenga zake, kama zile za televisheni iliyokosa antena, nazo hazijirudii kamwe. Kila picha humwaga zake upya, kama mchele uliomwagika sakafuni.

Skrini ikawa nyeusi tii. Wingu halipo, chenga hazipo.

Alidhani amefungua faili moja mara mbili. Akaangalia majina: yalikuwa mawili, yenye tarehe mbili. Akarudia. Nyeusi. Mtu alikuwa amechukua picha moja, akaisogeza kidogo, akaififisha kidogo, akaipa tarehe nyingine.

Nje, treni ya mizigo ilikuwa ikipita na vikombe vilitetemeka rafuni. Kwenye ukumbi alisikika Gedion Mbithi akicheka na mtu kwenye simu. Kathini akaifunga kompyuta upesi, kama vile yeye ndiye aliyefanya kosa.

Picha hizo zilikuwa za Gedion. Yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha kamera tangu alipoajiriwa kuchukua nafasi ya Mulinge, mwendesha kamera wa kwanza. Alikuwa kijana mpole wa Mwingi, mwimbaji wa kanisani, mtu wa kukufungulia mlango na kukuuliza mamako anaendeleaje. Kathini ndiye aliyempigia debe katika usaili. Sasa, akiwa ameketi mbele ya kompyuta iliyofungwa, upole ule ukaanza kumkera. Akakumbuka kwamba Gedion hufunga mlango wa chumba cha leza kwa ndani. Akakumbuka kwamba hupenda kufanya kazi saa za chakula, wengine wakiwa kibandani wakila. Akakumbuka siku alipomwomba amwonyeshe picha zikitoka kwenye kamera moja kwa moja, naye akasema leo leza imegoma, tuone kesho, na kesho hiyo haikufika. Mambo hayo yote alikuwa ameyaona kwa macho yake na hayakumaanisha lolote. Sasa kila moja liligeuka ushahidi.

Siku zilizofuata akawa mtu wa kuchungulia. Gedion akitoka, yeye anaingia na kupapasa nyaya. Gedion akiandika, yeye anapita nyuma yake kwenda kuchukua kalamu asiyoihitaji. Aligundua pia kwamba Gedion naye amebadilika. Alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, na mara mbili alimkuta amesimama kando ya meza yake, mkono uko mfukoni, akisema anatafuta chaja. Kathini akajiambia: anajua kwamba ninajua.

Mwisho akaenda kwa Profesa Mulei.

Profesa alikuwa amemfundisha akiwa bado msichana wa chuo, na ndiye aliyemwandikia barua zilizomvusha bahari. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na mikono mikubwa ya mkulima, na hata sasa, karibu na kustaafu, kila Jumamosi alikuwa akipalilia shamba lake mwenyewe la ndengu. Kathini alimwekea picha mezani, akamwonyesha ile skrini nyeusi. Profesa aliitazama kwa muda mrefu. Hakushtuka. Baadaye Kathini alijilaumu kwamba aliliona hilo na akalipita.

"Umemwonyesha nani mwingine?" Profesa akauliza.

"Hakuna, Prof. Ni wewe tu."

"Na nakala iko wapi?"

"Kwa kompyuta yangu."

"Vizuri. Usimwambie mtu. Kijana wa watu asiharibiwe jina kabla hatujajua. Niachie mimi, mwiitu."

Alimwita mwiitu, binti, kama alivyomwita siku zote, na Kathini akatoka ofisini mabega yamemshuka kwa nafuu. Alingoja Gedion aitwe. Hakuitwa. Aliwasubiri wageni kwa wasiwasi, wakaja, na Profesa mwenyewe akasimama mbele yao akawaonyesha picha zile zile, za mwezi wa tano na wa saba, kwa kijiti chekundu cha mwanga. Wageni wakapiga makofi. Gedion alikuwa ameketi nyuma kabisa, akitazama viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata Kathini alifungua kompyuta akakuta hawezi kuingia kwenye hifadhi ya picha. Nywila yake ilikataliwa. Akajaribu tena, ikakataliwa tena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeshughulikia nywila pale, naye alikuwa Shufaa.

Shufaa alikuwa fundi wa umeme wa maabara, binti wa wenye duka la vitambaa Mwingi mjini, mwanamke wa maneno machache na vicheko vya ghafla. Yeye ndiye aliyetengeneza chanzo cha umeme kinacholisha zile nyaya za dhahabu, umeme uliotulia kuliko maji ya mtungi. Yeye na Kathini walikuwa wamepanga nyumba moja nyuma ya soko la Emali, vyumba viwili na jiko la kushirikiana. Walipikiana. Mwezi wa Ramadhani Kathini alikuwa akikaa na njaa mpaka magharibi ili wafungue pamoja, ingawa hakuna aliyemwomba, na Krismasi Shufaa alipanda naye basi mpaka Kyuso na mamake Kathini akamfundisha kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Kathini alimuuliza kuhusu nywila wakiwa jikoni. Shufaa alikuwa akigeuza chapati. Alisema Profesa alimwambia kompyuta ya Kathini ina virusi, wamfungie kwa muda mpaka isafishwe.

"Na hukuniuliza?"

"Nilidhani amekuambia."

Lilikuwa jibu la kawaida kabisa. Lakini Kathini alikuwa amefika mahali ambapo jibu la kawaida ndilo linalotisha zaidi. Akamtazama Shufaa akigeuza chapati na kujiuliza tangu lini hatazami mtu usoni anapozungumza. Umeme ni wa Shufaa, nywila ni za Shufaa, nakala za kila picha huhifadhiwa kwenye diski ambayo Shufaa huibeba kwenye mkoba. Kama kuna jambo, angekosaje kulijua? Tangu jioni ile Kathini akaanza kula hotelini. Akaanza kufunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo hata akienda msalani. Shufaa alimuuliza kama anaumwa, naye akasema ni uchovu.

Jambo la aibu alilifanya Jumapili, baada ya kutoka kanisani. Shufaa alikuwa chumbani kwake akiswali alasiri, mlango uko wazi kama kawaida, mgongo ameupa sebule. Mkoba wake ulikuwa kwenye kochi. Kathini alisimama hapo akisikia mnong'ono wa swala, akaufungua mkoba. Alitoa pochi, akatoa kitana, akatoa mkebe wa vifaa vidogo, akaipata diski. Aliinua kichwa akamkuta Shufaa amesimama mlangoni, mkeka uko mkononi, bado hajaukunja.

Kathini alikuwa na sentensi nzima kichwani, ya kueleza, lakini kila ilipofika mdomoni ilikuwa tuhuma. Akairudisha diski mkobani. Shufaa akaukunja mkeka polepole, akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu waishi pamoja akafunga mlango.

Juma lile lile Shufaa akahama.

Wiki hiyo pia mamake Kathini alipiga simu kutoka Kyuso. Alizungumza habari za mbuzi na za mchungaji mpya, kisha akafika kwenye habari ya kisima. Kule kijijini watu walikuwa wamechanga nguvu kuchimba kisima kwa mikono, kando ya mto mkavu, mahali ambapo wazee walisema maji hayako mbali. Wameacha. Profesa Mulei mwenyewe alikuja kwenye baraza akawaambia wasijichoshe kuchimba kwa kubahatisha, mashine iko njiani. Mamake akauliza itafika lini, ili awaambie akina mama wa kanisa.

"Bado tunaitengeneza, mwaitu," Kathini akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Ni nyinyi mnajua. Sisi tunawangojea."

Aliposhusha simu alijua kwamba hawezi tena kukaa akichungulia. Kuna mtu mmoja aliyefanya kazi na kamera ile kabla ya Gedion, naye ni Mulinge, aliyeondoka ghafla, kwa barua nzuri ya sifa na sherehe ya kuagwa iliyokuwa na keki. Kila mtu aliambiwa amepata kazi bora. Kathini aliuliza huku na huku, akasikia kwamba anafundisha fizikia katika shule ya sekondari pembezoni mwa Kitui mjini. Akaomba ruhusa kwa kisingizio cha daktari wa meno, akaenda.

Mulinge alimpokea kwenye ua wa nyumba yake, amenenepa kidogo, kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi kiko kwapani. Alifurahi kumwona, kisha furaha ikaganda usoni. Akamuuliza ametumwa na nani. Kathini akasema hakutumwa. Mulinge akamwomba, kwa adabu, aiache simu yake ndani kwenye meza, halafu ndipo akamletea kiti chini ya kivuli cha ukuta. Kathini alidhani huo ni wazimu. Kisha akakumbuka mlango wake aliokuwa akiufunga kwa ufunguo hata akienda msalani, akaacha kumhukumu.

Alimweleza yote. Mulinge alisikiliza huku akichora mistari vumbini kwa kijiti.

"Kwenye picha hiyo," akasema mwishowe, "upande wa kushoto, juu, kuna doa kama koma?"

"Lipo."

"Hilo ni vumbi lilikuwa kwa lenzi. Mimi ndiye nililifuta, siku ya pili yake. Hiyo picha ni yangu, Kathini. Gedion alikuwa hajakanyaga Emali."

Akamweleza kwamba wingu lilikuwa la kweli. Lilipatikana mwaka juzi, alasiri moja, wakiwa wawili, yeye na Profesa. Waliliona mara kadhaa siku ile na Profesa akalia machozi, mzee mzima. Kisha halikupatikana tena. Wiki zikapita, wingu likawa linachemka na kutawanyika kabla halijapoa. Mulinge alishuku kwamba hewa inavuja ndani ya kasha, tundu dogo lisiloonekana, na kwamba chembe za hewa zinazoingia zinazigonga zile za baridi na kuzitoa ndani ya bakuli. Alitaka kasha lifunguliwe. Kulifungua ni kuanza upya, miezi na miezi, na Profesa alikuwa ameshatangaza. Akamwambia Mulinge asubiri. Halafu picha mpya zikatokea kwenye ripoti, na Mulinge alipouliza zimetoka wapi akaambiwa zimesafishwa kwa programu mpya. Baada ya hapo ikaja keki.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na shaka tu. Huwezi kwenda kwa watu na shaka." Akakivunja kile kijiti. "Na Prof ndiye alinitoa kwetu nikiwa sina hata viatu vya shule. Wewe pia si alikusomesha? Basi unajua."

Alipomsindikiza langoni alimpa ushauri mmoja. Asimuulize Gedion anaandika nini. Amuulize anaona nini.

Kathini alirudi Emali na shaka imehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Sasa ilikuwa na sura ya mtu aliyemwita binti. Hakulala usiku ule. Asubuhi alimkuta Gedion kwenye chumba cha leza, akaingia, akafunga mlango kwa ndani yeye mwenyewe. Gedion alirudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa meza.

"Nionyeshe picha moja," Kathini akasema. "Ya leo. Kabla haijaenda kwa Prof."

Gedion alimtazama. Kisha akageuka, akawasha kila kitu kwa mpangilio, leza, umeme, redio. Wakangoja treni iliyokuwa ikikaribia ipite, maana chuma kingi kikipita karibu namna ile bakuli la sumaku huyumba. Kamera ikalia. Kwenye skrini palitokea ukungu mwembamba, mpana, usio na kiini. Chembe chache za joto, zikitoroka. Akarudia, ukungu ule ule. Akarudia tena.

"Ndiyo hiyo," Gedion akasema. "Tangu nije. Sijawahi kuona ingine."

"Na zile zilizo kwenye ripoti?"

"Mimi hupeleka hizi. Prof huzisafisha, zinarudi zikiwa vile. Ananiambia, Gedion, wingu liko ndani, wewe tu hujui kulitoa kwenye chenga." Akaketi kwenye kiti cha magurudumu na kujipangusa uso kwa kiganja. "Nilifikiri mimi ni mjinga. Ndiyo maana nilikuwa nafunga mlango, mtu asinikute nimeshindwa. Halafu nikaona unaingia nikitoka, unashika nyaya. Nikasema, kumbe si mimi. Kuna mtu anaharibu." Alisita. "Daktari, nilidhani ni wewe."

Kathini alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha, na Gedion akacheka naye. Walikuwa wamechunguzana kwa wiki nyingi katika chumba kimoja, kila mmoja akimwona mwenzake mwizi.

Walikwenda kwa Profesa pamoja, mchana, mlango ukiwa wazi. Kathini alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa vitisho. Hakujiandaa kwa kile alichokikuta. Profesa Mulei aliziweka picha zile upande mmoja na ukungu wa Gedion upande wa pili, akazipanga sawasawa kama mtu anayepanga meza ya chakula, akasema kwa sauti yake ya chini:

"Ile moja ilikuwa ya kweli."

"Najua, Prof. Nimeonana na Mulinge."

"Niliiona kwa macho yangu. Ilikuwepo. Na kitu kikishakuwepo, kitarudi. Nilikuwa nawashikia nafasi tu mpaka kirudi. Wangefunga hii maabara, mwiitu. Na nyumbani wangeendelea kuchimba mashimo makavu."

"Nyumbani wameacha kuchimba kabisa," Kathini akasema. "Wanakungojea wewe."

Hapo ndipo uso wa yule mzee ulipobadilika. Aliinamisha kichwa, mikono yake mikubwa ikalala juu ya picha. Gedion alitazama pembeni. Kathini alimwambia kwamba wataandika kwa uongozi wa kituo cha utafiti kinachoisimamia maabara juma hilo, na kwamba wangependa aandike yeye kwanza. Profesa aliandika. Barua yake ilifika kabla ya yao, fupi, isiyomlaumu mtu mwingine.

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya haraka wala ya kupendeza. Kamati ilikuja na maswali. Ripoti zilifutwa, na makala mbili zilizokuwa na jina la Kathini zikaondolewa pamoja nazo, kwa hiyo huko Ujerumani wenzake wa zamani wakaanza kuchelewa kujibu barua pepe zake. Gedion aliitwa Nairobi akahojiwa kama mshukiwa, akarudi amekonda. Profesa alistaafu kabla ya wakati wake, akarudi kwa ndengu zake. Kathini alikwenda Kyuso, akasimama kanisani baada ya ibada, akawaambia watu wa kwao kwamba mashine haipo na hajui itakuwapo lini, wachimbe kisima chao. Mzee mmoja alimuuliza ni nani anamlipa aje kusema hivyo, ili maji yapelekwe kwingine. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mamake alitazama sakafu. Kisima walichimba hatimaye, lakini msimu wa kiangazi ulikuwa umeshawapiga.

Maabara haikufungwa. Kathini aliambiwa aishike kwa muda. Jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kulifungua lile kasha, na hakuna aliyeweza kuuzima ule umeme na kuuwasha tena salama isipokuwa Shufaa, ambaye alikuwa ameomba likizo na hajarudi.

Alimpata katika chumba alichopanga karibu na stesheni. Shufaa alimkaribisha ndani, akampa kiti, akampakulia wali na ndengu bila kumuuliza kama ana njaa. Walikula. Kathini alieleza yote tangu ile skrini nyeusi, hakuruka kitu, hata alivyokuwa akifunga chumba kwa ufunguo akienda msalani. Shufaa alisikiliza akiwa ameinamia sahani.

"Kwa hiyo uliniona mimi pia nimo," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

Kathini alitafuta sababu. Zile alizokuwa nazo wakati ule, nywila, diski, macho yasiyomtazama, zilionekana hapa mezani kuwa vitu vidogo mno.

"Sikuwa na sababu. Kila mtu alikuwa amenigeukia, au nilidhani hivyo. Nisamehe, Shufaa."

Shufaa alikusanya sahani, akaziosha, akazifuta moja moja.

"Kama ungeniuliza," akasema akiwa bado amempa mgongo, "ningekupa hiyo diski kwa mkono wangu. Ulingoja niwe kwenye swala." Akaitundika taulo. "Nimekusamehe. Kazini nitarudi Jumatatu. Lakini hapa nitabaki."

Jumatatu alirudi kweli. Alizima umeme wake hatua kwa hatua, Gedion akalegeza nati, na hewa ikaingia ndani ya kasha kwa sauti nyembamba ya kufyonza. Walilipata tundu siku kadhaa baadaye, kwenye kiungio cha kioo na chuma, ufa ambao ungeupita bila lenzi. Kuliziba na kuanza upya kungechukua karibu mwaka. Walikaa watatu wakagawana kazi, na Kathini akaweka kanuni moja, kwamba kila picha itazamwe na wote watatu inapotoka tu kwenye kamera. Gedion alikubali mara moja. Shufaa alisema sawa, akachukua mkoba wake kutoka kwenye meza ya katikati na kwenda kuutundika upande wake, nyuma ya kiti.